Bwanaheri, Mkeka na Msumari wa Mama Rama

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, mara baada ya sala, Bwana Bwanaheri Aiuba anastaafu kazi katika studio yetu ya Foto Boa Cara, hapa Palma, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ya utumishi. Alianza tarehe 29 Agosti 1994 akiwa na nywele nyingi na cheo kidogo. Anamaliza na cheo kikubwa. Nywele hatuzitaji, maana leo ni siku ya furaha.

Mama Fernanda, mwenye studio, ameniagiza mimi Rafique, mpiga picha, niandike wasifu huu wa kuchapishwa kwenye ratiba ya sherehe. Nimefanya kazi na Bwanaheri miaka ishirini na mitano. Isitoshe, katika wafanyakazi wote wa Foto Boa Cara, na tuko wanne, mimi ndiye niliyetembea: Mtwara, Lindi, Pemba, Nampula, na Maputo kwenyewe siku tisa kamili. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nayo haikutuma mtu kuja kuniuliza kulikoni, kwa hiyo tuko sawa.

Kabla sijamsifu, niseme jambo ambalo mtaa mzima unalijua na yeye hapendi litajwe. Mtu huyu amezichagulia familia za watu mahali pa kupigia picha kuanzia ufuko wa Tungue hadi Mbau, na kisiwani Vamizi mara mbili. Kuta za watu zimejaa kazi yake. Nyumbani kwake kuna msumari. Aliupigilia mwenyewe waliporudi kutoka kukimbia vita na kujenga upya, akamwambia mkewe, shemeji yetu Awa, kwamba hapo itakaa picha ya familia. Huu ni mwaka wa tatu, na msumarini hutundikwa ungo. Mwanzoni mwa mwezi huu Awa alimwambia maneno tuliyoyasikia majirani wote, kwa sababu kuta za mtaa wetu zipo kwa heshima tu, hazizuii kitu: "Baba Rama, ukistaafu bila picha yetu, ungo nitautoa, nikutundike wewe."

Basi hapo ndipo wasifu huu unapokwenda. Lakini tuanze na pazia.

Mwaka 1994 studio ilikuwa nguzo mbili uani kwa Mama Fernanda, na kati ya nguzo hizo lilitandazwa pazia kubwa lililochorwa Mtwara. Mchoraji alikuwa mkarimu: alitia mlima wenye theluji, maporomoko ya maji, na ndege wawili weupe wenye shingo ndefu ambao hakuna mtu wa Palma aliyewahi kukutana nao. Kazi ya Bwanaheri ilikuwa kusimama nyuma ya pazia na kulishika upepo usilipeperushe. Alilishika miaka tisa. Ukiziona picha za zamani za mji huu utawakuta watu wamevaa kanzu na viatu vya wazi, wametulia mbele ya theluji, wala hawasikii baridi. Na ukitazama chini kabisa, pale pazia linapoishia, utaona miguu miwili ya mtu. Hiyo ni miguu ya mstaafu wetu. Hakuna miguu iliyopigwa picha nyingi kuliko hiyo katika jimbo zima la Cabo Delgado, nami nimetembea, najua ninachosema.

Pazia lilikufa mwaka 2003 kwa kifo cha kusikitisha. Mchoraji alikuwa amelikaza kwa uji wa muhogo ili rangi ishike. Siku moja baada ya mvua tukalianika, tukaenda kula. Tuliporudi, mbuzi wa jirani walikuwa wamemaliza maporomoko yote ya maji na ndege mmoja, wameanza mlima. Mama Fernanda alitazama kilichobaki, akavua miwani, akasema: "Basi, tutoke nje. Dunia yenyewe iko pale bure, na mbuzi hawaimalizi." Siku hiyo hiyo Bwanaheri, ambaye hakuwa tena na kitu cha kushika, akapewa cheo kipya. Kadi yake ya kazi, ambayo ameivaa shingoni hadi leo, imeandikwa "Chefe do Lugar", yaani Mkuu wa Mahali. Mimi kadi yangu imeandikwa "Fotógrafo" tu. Sijalalamika. Nimetaja tu.

Msomaji asidhani ukuu wa mahali ni kazi ya kukaa. Familia ya hapa kwetu ikishaamua kupigwa picha nje, kila mtu ana mahali pake moyoni. Baba anataka mbele ya benki, ingawa akaunti hana. Mama anataka kwenye maua ya hoteli. Vijana wanataka penye gari jeupe, la nani si hoja. Babu anataka palipo karibu na choo. Ugomvi ukianza asubuhi, hadi jua la alasiri linapokuwa zuri watu wameshanuna, na picha ya watu walionuna haina dawa, hata ukiwa na kamera kama yangu iliyotoka Dubai.

Yapo yaliyotushinda. Kuna familia, jina nalisitiri, iliyokazania kuegemea gari la mgeni lililoegeshwa sokoni. Bwanaheri akakataa, wakamzidi sauti. Nikahesabu moja, mbili, na kwenye tatu dereva akaondoa gari. Ile picha ipo: watu tisa wamelala upande mmoja, wameegemea hewa, na bado wanatabasamu kwa sababu niliwaambia watabasamu. Wameitundika sebuleni. Mgeni akiuliza, wanasema ni mtindo.

Na kuna Bwana Mussagy wa upande wa juu, aliyewashonea watu wake kumi na wawili sare ya kapulana, yaani kitenge, ya kijani yenye majani, kisha akataka apigwe shambani kwake, katikati ya muhogo uliostawi. Bwanaheri alisema mara mbili, kwa adabu, "Mzee, sare na shamba vinafanana mno." Mzee akajibu kwamba shamba ni lake na watoto ni wake. Tulipompelekea picha aliishika muda mrefu, akaisogeza mwangani, akauliza: "Wanangu wengine walikuwa wapi?" Tulilazimika kumwonyesha meno. Kila penye meno, palikuwa na mtoto.

Tangu hapo watu wakaanza kumsikiliza Bwanaheri, na sifa zake zikaenea. Nami nieleze alivyofanya kazi, ili warithi wake wajifunze. Alifika mahali na miwani myeusi, kadi kifuani, mkeka umeviringishwa kwapani. Alilamba kidole, akakiinua juu kuuliza upepo. Alipiga hatua kumi huku, kumi kule. Alivua kofia akatazama kivuli cha kichwa chake. Familia ikanyamaza kama iko hospitali. Kisha, kama jambo dogo tu la kando, alimpa mkeka mama mkubwa kuliko wote katika familia ile, akasema: "Bibi, tandika upumzike popote, mimi bado nafikiri." Bibi akatandika, akakaa. Bwanaheri akazunguka mara moja zaidi, akasimama, akatoa hukumu: "Nimeamua. Hapo hapo alipokaa bibi." Watu wakapiga vigelegele.

Ilinichukua miaka kumi na mmoja kugundua. Nasema bila haya, ingawa nina macho ya kazi. Mtu huyu hajawahi kuchagua mahali hata pamoja katika maisha yake! Mabibi ndio waliochagua. Mwanamke aliyelea watoto na wajukuu katika uwanja mmoja anajua kivuli kitafika wapi saa tisa, upepo utamwaga vumbi upande gani, wapi ardhi imeinama, na wapi harufu ya samaki wa kukaushwa haifiki. Na akishakaa juu ya mkeka wake, mzozo umekwisha, kwani hakuna mtu wa pwani hii atakayemwambia bibi yake ainuke tu eti benki ni nzuri zaidi. Nilipombana Bwanaheri juu ya siri hiyo alicheka hadi miwani ikaanguka. "Rafique bwana," akaniambia, "wewe umefika Maputo, lakini kwa bibi yako hujafika."

Mafanikio yake makubwa yalikuja mwaka juzi, na nitayasimulia kwa sababu nilikuwepo na picha ni yangu. Shirika moja la misaada lilimtuma dona Gracinda, dada mchangamfu mwenye buti nzuri, apate picha ya familia iliyorudi nyumbani, kwa ajili ya kalenda. Familia ilikuwa ya bibi Haula. Dona Gracinda alishapachagua mahali tangu akiwa ofisini: mbele ya ukuta wa zamani ulioungua, jioni jioni, watoto bila viatu. Bibi Haula alipopata habari ya picha, aliwavalisha watu wote viatu. Hata kitoto cha miezi minne, ambacho hakijawahi kukanyaga chini, kilivaa viatu viwili vyekundu vya kuazima.

Bwanaheri alilamba kidole chake, akapiga hatua zake, akampa bibi mkeka. Bibi Haula akaupita ule ukuta ulioungua kama mtu anayempita mdai, akaupa mgongo, akatandika mbele ya nyumba yake mpya ya mabati yanayong'aa. Dona Gracinda akahangaika. "Senhor Bwanaheri, hapa hapana huzuni. Huzuni itaonekana wapi?" Bwanaheri akajibu kwa upole: "Dona, huzuni tunayo, tena tele. Lakini leo mmeita familia." Dada yule akatazama viatu vyekundu vya mtoto, akacheka mwenyewe, akasema haya, piga. Kalenda ilipotoka, picha ya bibi Haula ilikuwa imewekwa mwezi wa Februari, wenye siku chache kuliko yote. Bibi mwenyewe ameigandisha hapo. Nyumbani kwake ni Februari mwaka mzima.

Sasa msomaji atauliza, na Awa ameuliza kwa miaka mitatu: mtu mwenye ustadi huo, kwa nini msumari wake una ungo?

Sababu ni ya aibu na ya mapenzi. Mama yake Bwanaheri alifariki zamani. Mama yake Awa naye alitangulia. Kwa hiyo mama mkubwa kuliko wote katika familia ile ni Awa mwenyewe. Na Bwanaheri, aliyewapa mikeka mabibi wa wilaya nzima bila kutetemeka, alimwogopa mkewe. Kumpa Awa mkeka ni kumwambia amekuwa bibi. Mara moja tu, mwaka 2019, alijaribu. Awa aliutazama mkeka, akamtazama yeye. "Mimi bibi wa nani?" Bwanaheri akauviringisha. Aliurudisha kwapani, na tangu siku hiyo kila familia yake ilipotaka picha alisema jua baya, au upepo, au mahali hapajapatikana.

Picha moja waliyokuwa nayo ya maana ilipotea tulipotawanyika mwaka 2021, vita vilipoingia mjini. Ilikuwa ya mwaka 1995. Awa, msichana, amekuja studio na wazazi wake, amesimama mbele ya maporomoko ya maji, na chini ya pazia ile miguu. Mwaka uliofuata miguu ile ilikwenda kwao kuposa. Walipokimbia walibeba watoto, sufuria na nguo za mwilini. Picha ilibaki ukutani, na ukuta wenyewe haukubaki. Awa hakuwa tena na hata karatasi moja inayoonyesha kwamba yeye na mtu huyu waliwahi kuwa mahali pamoja.

Wiki iliyopita Mungu alileta nafasi. Mwanawe Rama, anayefanya kazi jikoni hotelini kule Vamizi, alipata likizo. Binti yake Sumaia, aliyeolewa Mtwara, alivuka Ruvuma na mumewe na mtoto wao wa kwanza, msichana wa miezi minne. Jumapili asubuhi wote walikuwa waondoke. Ilikuwa miaka minne na nusu tangu wakae chini ya paa moja, na hakuna aliyejua itakuwa tena lini. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na Mkuu wa Mahali aliagizwa na mkewe, mbele ya mashahidi, apate mahali.

Ndugu zangu, nimeona mengi katika safari zangu, lakini sijaona mtaalamu akiaibika kama siku ile. Safari ya kwanza alitupeleka kwenye lango la hoteli, penye maua. Mlinzi akatutaka kibali. Kibali cha maua! Safari ya pili alitupeleka ufukweni, maji yalikuwa mbali, mchanga umelala vizuri. Akalamba kidole, akapiga hatua, akafikiri. Akafikiri mno. Alipomaliza, maji ya Tungue yalikuwa yamerudi na mkwewe kutoka Mtwara yuko ndani ya bahari hadi magotini, suruali ya harusi, anaendelea kutabasamu kwa heshima ya baba mkwe. Safari ya tatu alituweka mahali pazuri kabisa, kivuli safi, ukuta mweupe. Rama akanusa, akasema: "Baba, hapa nyuma ni choo cha soko."

Ilikuwa imefika saa tisa na nusu. Mtoto alilia. Sumaia alikuwa amejipaka msiro usoni tangu asubuhi ili ngozi ing'ae kwa picha. Alikuwa ameshauosha, akapaka poda, na sasa poda nayo ilikuwa inateremka. Bwanaheri alisimama katikati ya barabara na miwani yake myeusi, kidole kimelowa, hajui akielekeze wapi. Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka.

Ndipo Awa alipomkabidhi Sumaia mtoto, akamfuata mumewe, akauchomoa mkeka kwapani mwake. "Lete huo. Nimekuwa bibi tangu mwezi wa sita, na wewe unanizungusha juani kama mimi ni mgeni wako. Ulidhani siijui kazi yako? Mimi ndiye ninayeukung'uta huu mkeka kila ukirudi. Baba Rama, mchanga wote ule ni wa makalio ya mabibi, siyo wako!"

Akatangulia. Tukamfuata, watu wazima sita na mtoto, akiwemo Mama Fernanda aliyetoka dukani kuja kuona. Akapita benki, hakuitazama. Akapita magari meupe. Akapinda kona, akaingia uani kwa studio, kule nyuma ambako mimi mwenyewe sikuwa nimepiga picha tangu mbuzi walipokula pazia. Nguzo mbili bado zipo. Zilinusurika kwa sababu jirani yetu dada Cristina amezifunga kamba ya kuanikia nguo, na siku hiyo alikuwa ameanika mashuka meupe. Cristina alipotuona tumevaa vile alikimbia kuyaanua, anaomba radhi. Awa akamzuia: "Yaache, mwanangu. Hayo ndiyo maporomoko yetu."

Akatandika mkeka katikati ya nguzo, akakaa, akampakata mjukuu. Rama akakaa kulia, Sumaia na mumewe kushoto, suruali yake bado inachuruzika. Bwanaheri, kwa mazoea ya miaka yote, alikwishapita nyuma ya mashuka na kuyashika upepo usiyapeperushe. Chini ya shuka tuliiona miguu yake.

Hakuna aliyecheka. Awa hakugeuka, alisema tu, mbele kwa mbele, kama anaongea na kamera yangu: "Miguu yako niliiona hapa mwaka tisini na tano, ikanitosha. Leo nataka na uso."

Alitoka. Alivua miwani, akavua viatu kama avuavyo mtu anayekanyaga mkeka, akaenda kukaa kando ya mkewe. Nikahesabu. Na niungame kitaalamu, kwa kuwa nyote mtaiona: picha ile ina makosa. Kivuli changu kimeingia chini. Kuku wa dada Cristina amepita. Shuka moja limepeperuka likamfunika Rama sikio, kwa sababu mtu wa kulishika alikuwa amekaa. Awa anacheka, kwa hiyo macho yake hayaonekani. Nilipomwonyesha Bwanaheri kwenye kamera, nilisubiri aniambie jua baya, upepo, turudie. Aliitazama muda mrefu kuliko Mussagy alivyotazama yake. Kisha akanirudishia kamera, akasema: "Ndiyo hii."

Imechapishwa kwenye jalada la nyuma la ratiba hii. Geuzeni. Uso wake umo, na miguu imo, peku, mbele kabisa, ndiyo inayokaribia kamera kuliko kitu chochote. Jumapili asubuhi, kabla watoto hawajaondoka, picha kubwa ilipanda msumarini. Ungo umehamia jikoni.

Bwanaheri, kwa niaba ya Mama Fernanda, kwa niaba ya wenzako, na kwa niaba ya mabibi wote waliofanya kazi yako miaka ishirini na miwili bila kadi shingoni, tunasema asante. Kadi ubaki nayo. Mkeka pia, ila usiuviringishe tena. Utandike kwako, ukae. Mungu akupe afya, akurudishie wanao mara kwa mara, na shemeji yetu achelewe sana kukuchoka. Maisha mema, Chefe, hapo hapo ulipokaa.